Mwacheni Dada Awashe Mshumaa Wake

Leo nimekasirika. Nimekaa siku mbili nikiomba nisiandike na hasira, na hasira imekataa kuisha, kwa hivyo soma ukijua hivyo.

Kuna dada wetu mmoja yuko Minnesota, Marekani. Jina lake silitaji. Alikulia katika kanisa letu, aliimba kwaya, na wengine wenu mlichanga nauli yake ya ndege. Anafanya kazi ya kutunza wazee, zamu ya usiku. Juzi aliweka picha kwenye kikundi chetu cha maombi cha WhatsApp: meza ndogo, kikombe cha chai, kitabu cha hadithi, na mshumaa ndani ya gilasi, ile mishumaa yenye harufu ya vanila na mdalasini. Akaandika kwamba hivi ndivyo anavyoipita winta mwaka huu. Hakuuliza mtu swali.

Kabla chai yake haijapoa, mama mmoja wa maombi akamjibu kwamba mishumaa ya manukato ni madhabahu ya miungu migeni. Mwingine akasema vitabu vya hadithi ni mlango wa roho za mahaba. Mtumishi mmoja, na huyu ni mtu ninayemheshimu, akamwagiza atupe mshumaa, achome kitabu, na afunge siku tatu. Dada akaandika neno moja, "sawa," akatoka kwenye kikundi.

Nami nilikuwa hapo nikisoma. Nilikuwa na mazishi ya kupanga, nikajiambia nitalishughulikia baadaye. Baadaye ikawa siku mbili. Kwa hivyo ninapoanza kugombana, jueni wa kwanza kwenye orodha ni mimi.

Sasa tuje kwa Neno, maana mlitumia Neno kumpiga.

Aliyetuma andiko alituma Kutoka 30:38, pale Mungu anapomwonya mtu atakayetengeneza uvumba ule apate kuunusa yeye mwenyewe. Andiko ni la kweli na onyo ni kali. Lakini ndugu yangu, rudi nyuma mistari minne usome uvumba wenyewe ni upi. Ni natafi, shekelethi, kelbena na ubani safi, kwa vipimo sawasawa, umetengwa kwa ajili ya hema. Mungu alikataza mchanganyiko huo usiigwe. Hakukataza pua. Vanila ni mmea wa asili ya Mexico, Musa hakuwahi kuuona. Na wewe uliyetuma hilo andiko umejipaka mafuta ya nazi yenye manukato asubuhi hii, na chooni kwako kuna ile ya kupuliza ya harufu ya maua. Mbona hujaitoa pepo?

Mithali 27:9, Sulemani anasema mafuta na manukato huchangamsha moyo wa mtu. Halafu katika mstari huo huo anataja utamu wa rafiki anayekushauri kutoka moyoni. Shikilia hiyo, nitairudia. Na Yohana 12, Mariamu alipoimimina ile nardo miguuni pa Yesu, Yohana anatuambia nyumba yote ilijaa harufu. Miaka mingi baadaye mzee bado anaikumbuka harufu! Aliyelalamika siku hiyo kuhusu manukato unamjua jina lake.

Tena nitasema hili na wengine wataacha kunifuata: wapo kati yetu wanaouza chupa ndogo za mafuta ya upako kwa bei ya gunia la mahindi, na hao ndio wa kwanza kumwambia mfanyakazi wa usiku kwamba mshumaa wake wa dukani ni uganga.

Kuhusu vitabu sitakaa sana. Paulo alipokuwa Athene alinukuu washairi wa Wayunani, watu wasiomjua Kristo, na ni wazi alikuwa amewasoma. Mfalme Ahasuero alikosa usingizi usiku mmoja, Esta 6, akaagiza asomewe kitabu cha kumbukumbu za nchi. Mungu alitumia kitabu cha usiku wa kukosa usingizi kuokoa taifa zima. Kuna vitabu vichafu, ndiyo, na ukikishika utakijua kwa ukurasa wa tatu, kiweke chini. Lakini hadithi ya mama mzee anayefungua hoteli ya chai kijijini haimpeleki mtu jehanamu. Nilimwuliza dada kitabu chake kinahusu nini. Ndicho hicho. Chai, kijiji, na paka.

Sasa nisikize wewe uliye hapa nyumbani, kwa sababu shida kubwa iko hapa: hujui winta ni nini. Unafikiri ni Kinangop mwezi wa Julai, baridi ikichoma viazi. Ukivaa sweta mbili yameisha. Sisi huku, Januari au Julai, jua linatoka karibu saa kumi na mbili na nusu na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima, hata hatulishukuru. Minneapolis mwezi wa Desemba jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi na saa kumi na nusu limezama. Usiku wa Januari baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi. Ukienda Aberdeen kule Uskoti, ambako pia tuna watoto wetu, katikati ya Desemba jua linatoka saa tatu kasorobo na kuzama saa tisa na nusu alasiri. Mtu wa zamu ya usiku anatoka kazini giza likiwa bado, analala saa zile chache za mwanga, anaamka giza limerudi. Anaweza kumaliza wiki nzima bila kuliona jua. Kemea giza la Aberdeen upendavyo, jua litatoka saa tatu kasorobo.

Na mwili unajua. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani walieleza ugonjwa wa huzuni inayokuja na majira, inayoanza siku zikifupika na kuondoka jua likirudi. Rosenthal si mzaliwa wa kule. Alizaliwa Afrika Kusini, akahamia New York, na winta ilipofika akajiona amekuwa mzito, kazi haziendi. Mwafrika Kusini, mtoto wa jua kama wewe, ndiye aliyesaidia ulimwengu kulipa jina jambo hili. Anayeugua hulala sana na bado amechoka, hutamani wanga na sukari, hujitenga na watu. Ukimwona hivyo, tafadhali usimwambie ana roho ya uvivu.

Biblia inamjua mtu wa namna hii. 1 Wafalme 19, Eliya ametoka kushusha moto Karmeli, sasa amelala chini ya mretemu anaomba afe. Malaika alipokuja hakuja na mahubiri. Alikuja na mkate wa motomoto na maji, akamwacha alale tena, akarudi na chakula mara ya pili. Sisi tungemwambia afunge siku tatu.

Dada, kama unasoma hii, na najua unasoma, washa mshumaa wako. Maliza kitabu chako. Lakini nami ni mchungaji wako, kwa hivyo hata wewe sitakuacha bure.

Kuna biashara kubwa imejengwa juu ya upweke wa watu wa winta. Tangu Meik Wiking atoe kile kitabu kidogo cha hygge mwaka 2016, neno hilo la Kidenmaki limeuza mishumaa, blanketi na soksi nzito dunia nzima. Sina vita na Wadenmaki. Kwao neno hilo linahusu kukaa pamoja, watu wachache, chakula, mazungumzo ya polepole, na mshumaa uko pembeni tu. Lakini duka haliwezi kukuuzia watu wa kukaa nao, kwa hivyo linakuuzia mshumaa na kuandika "amani" kwenye gilasi. Unalipa, unaenda nyumbani, unakaa peke yako kwenye harufu nzuri.

Nilipompigia dada hatimaye, aliniambia kitu ambacho kimeninyima usingizi. Alisema, "Pasta, nikirudi nyumbani mshumaa huo ndio kitu pekee kinachoonyesha kwamba mtu anaishi hapa." Nilimwuliza mara ya mwisho kula na mtu mwingine ilikuwa lini. Akanyamaza, akawa anahesabu. Nikasikia anahesabu.

Hapo ndipo nilipofungua 2 Timotheo 4. Paulo yuko kifungoni Roma, mzee, anajua hatatoka. Anamwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Joho na vitabu! Mtume aliyefika mbingu ya tatu anaomba nguo nzito na kitu cha kusoma, na hakuna mtu kwenye kikundi aliyemwambia imani yake imepungua. Halafu mstari wa 21 anamsihi Timotheo ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Meli hazikusafiri winta katika bahari ile. Asipokuja kabla, hatakuja mpaka baridi iishe, na huenda baridi ikiisha hakuna Paulo.

Joho na vitabu dada yetu amejinunulia mwenyewe. Sehemu iliyobaki ilikuwa yetu, na tukamtumia agizo la kuchoma kitabu.

Tuwe wakweli. Tunampigia lini huyu dada? Januari, karo. Agosti, harambee ya paa la kanisa. Mtu akifiwa. Akituma pesa tunasema Mungu akubariki, simu imekatwa. Nani kati yetu amewahi kumwuliza huko jua limetoka saa ngapi leo? Tulimchangia nauli ya kwenda, tukadhani tumemaliza.

Na wale mlio huko huko, mnaosali pamoja mkutano wa mtandaoni saa mbili usiku kisha kila mtu anarudi kwenye chumba chake, mna magari. Kuna mtu dakika ishirini kutoka kwako ambaye hajala ugali na mtu tangu Novemba. Watu wa Malta, Matendo 28:2, hawakuwa hata wameokoka. Waliwaona wageni wamelowa mvua na baridi, wakawasha moto wakawakaribisha wote. Ndio hao Luka anawasifu kwa fadhili zisizo za kawaida.

Sasa mambo machache ya kawaida, maana nimeyauliza kwa wauguzi wetu walio huko. Kuna taa maalum za mwanga mkali, za laksi 10,000, mtu hukaa mbele yake kama nusu saa baada ya kuamka. Inasaidia wengi. Zungumza na daktari kwanza, hasa kama una shida ya macho au umewahi kuugua ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Uliza pia kuhusu vitamini D, maana ngozi yetu nyeusi inahitaji jua zaidi kuitengeneza. Uingereza serikali yenyewe inashauri watu wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku wakati wa winta, na sisi wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Mshumaa uuweke mbali na pazia na karatasi, sentimita 30 hivi, na usilale ukiwaka. Umetoka zamu ya saa kumi na mbili, utasinzia tu, usijidanganye. Na asijaribu mtu kuwasha makaa ndani ya nyumba kutafuta joto. Hapa kwetu tumezika watu kwa jambo hilo.

Kama mawazo ya kufa yamekuja, usisubiri ibada ya Jumapili. Marekani piga 988. Uingereza piga 116 123. Kupiga hiyo namba si kumkana Yesu. Ukishapiga, nipigie na mimi, saa yoyote, mama pasta ameshazoea.

Mtumishi uliyesema achome kitabu, nimekupigia mara mbili na nitakupigia ya tatu. Nataka tumpigie pamoja, wewe na mimi, tumwombe msamaha. Hilo halitapunguza upako wako.

Na ninyi wengine, nimeandika majina ya watu wetu wote walio ughaibuni niwezao kuwakumbuka, wamefika 17, na nina hakika nimesahau wengine. Kila jina linahitaji watu wawili wa hapa wa kumpigia kila wiki mpaka Machi iishe, na neno karo lisitajwe. Anayetaka jina aniandikie leo. Wa Minnesota nimeshamchukua mimi, ila nahitaji mwenzangu. Tafadhali msimpigie asubuhi yetu, saa tatu ya hapa kule ni usiku wa manane na yuko kazini. Anatoka saa moja asubuhi ya huko, ambayo ni saa kumi jioni hapa kwetu. Mpe nusu saa afike nyumbani avue viatu.