Kipya Kinyemi Kingawa Kidonda

Vijana wenzangu wanaotaka kuwa waandishi wana ugonjwa mpya. Ukimwuliza mmoja wao riwaya yake imefika ukurasa wa ngapi, atakujibu kwamba kwanza anadunduliza pesa anunue Kindle mpya. Eti ya zamani haifai! Haifai kwa nini? Hapo ndipo ninapotaka tubishane.

Mimi nimemaliza kidato cha nne, sina kazi ya kudumu, na riwaya yangu naiandika kwenye madaftari. Siongei kama tajiri anayebeza vitu. Mashine ya kusomea vitabu naitaka, tena sana. Nimepiga hesabu ya mbili: Kindle ya mwaka 2010, ile yenye vitufe vya herufi chini ya kioo, na Paperwhite iliyotoka Oktoba 2024 kwa dola 159.99 huko Marekani. Nasema wazi: nachukua ya 2010, ya mtumba.

Mpya nayo tuipe haki yake. Kioo chake kina nukta 300 kwa kila inchi; ya zamani ina 167. Ina taa yake, haiogopi maji, na ina nafasi ya gigabaiti 16 dhidi ya 4. Umeme ukikatika usiku, taa si jambo dogo. Lakini taa hiyo ilianza kwenye Paperwhite ya 2012, kwa hiyo anayelilia mwanga ataupata hata kwenye mtumba. Na hizo gigabaiti 4? Zilitangazwa kuwa zinabeba vitabu 3,500. Wewe mwaka jana ulisoma vingapi?

Moyo wa mashine zote mbili ni ule ule: wino wa elektroniki, chembe nyeusi na nyeupe zinazosukumwa na chaji. Herufi zikishakaa hazili umeme mpaka ugeuze ukurasa. Kitabu chako kikiwa cha EPUB, programu ya bure iitwayo Calibre itakigeuza kiwe MOBI, na mashine ya 2010 itakisoma.

Sasa jamani, jambo lenyewe. Julai 2009 Amazon ilifuta kwa mbali nakala za Animal Farm na 1984 zilizokuwa ndani ya mashine za wateja, kwa kuwa aliyeziuza hakuwa na haki. Wateja walirudishiwa pesa, na mkuu wa kampuni akaomba radhi. Lakini tulijua nani anashika ufunguo. Februari 2025 kampuni hiyo hiyo ikaondoa njia ya kupakua kitabu ulichonunua kwenye kompyuta ili ukihamishe kwa waya. Shamba la Wanyama la karatasi, tafsiri ya Kawegere, nani atakuja kulifuta?

Utasema, si uizime intaneti? Sawa. Lakini ukiizima, mpya na ya zamani zote unazijaza mwenyewe kwa waya. Basi ile ziada unalipia nini, kung'aa?

Ziada hiyo mimi nitanunulia riwaya za Kiswahili, ambazo nyingi bado ni za karatasi tu. Tunalalamika kila siku kwamba hatusomwi. Nani atatununua, ikiwa sisi wenyewe akiba yetu yote tunaimaliza kwenye kioo?

Anayebisha na ashike kalamu. Kurasa hizi ni zetu sote.