Survivor na Kura Iliyomezwa na Turufu

Mashindano ya televisheni ya Survivor yamefikisha msimu wake wa 50. Yalianza kurushwa nchini Marekani na kituo cha CBS tarehe 31 Mei 2000, yakiwa yametokana na kipindi cha Sweden cha mwaka 1997, Expedition Robinson, ambacho wazo lake lilikuwa la Mwingereza Charlie Parsons. Kwa robo karne mchezo huu umekuwa ukirundikiwa kanuni juu ya kanuni, na kila kanuni mpya hutangazwa kwa mbwembwe kuwa ni maboresho. Ninaandika makala haya kulipinga dai hilo. Survivor inapaswa kurudi kwenye misingi yake ya awali, kwa sababu kilichopotea njiani ndicho kilichoupa mchezo huu maana: kura yenye nguvu, na mpigakura anayewajibika kwa kura yake.

Wapo watakaoshangaa mhadhiri kutumia muda wake kujadili kipindi cha burudani. Nawajibu hivi. Katika semina zangu kuhusu taasisi za kisiasa, wanafunzi huutaja mchezo huu kwa wepesi zaidi kuliko wanavyowataja Locke na Rousseau. Wanautazama kwenye simu zao usiku wa manane na kuukariri misimu kwa misimu. Kijana ambaye bado hajawahi kusimama kwenye foleni ya kituo cha kupigia kura amekwisha kutazama mamia ya kura zikisomwa moja baada ya nyingine kwenye skrini. Anachofundishwa humo kuhusu kura kinanihusu, na kinapaswa kumhusu kila mtu anayeijali demokrasia.

Tuanze na mchezo wenyewe ulivyokuwa. Watu 16 walipelekwa Pulau Tiga, kisiwa kilicho karibu na pwani ya Sabah nchini Malaysia, wakakaa huko siku 39 wakigombea dola milioni 1. Waligawanywa katika makundi mawili. Kundi lililoshindwa lilikwenda Barazani, kila mmoja akaandika jina, na aliyeandikwa na wengi akaondoka. Kinga ilikuwapo, lakini ilishindaniwa hadharani na kila mtu alijua iko mikononi mwa nani. Mwishoni walibaki wawili, na waliotolewa kabla yao wakageuka kuwa jopo la kumchagua mshindi. Richard Hatch alimshinda Kelly Wiglesworth kwa kura 4 dhidi ya 3, na zaidi ya watu milioni 51 waliitazama fainali hiyo ya tarehe 23 Agosti 2000.

Hapakuwa na zaidi ya hayo, na ulikuwa ubunifu mkubwa. Uamuzi wote ulitoka kwa watu walioishi pamoja, wakala pamoja na kulala njaa pamoja. Tena unayemtoa leo ndiye atakayekuhukumu kesho. Katika kanuni hiyo moja mna somo zima la uwajibikaji: mamlaka unayoyatumia dhidi ya mwenzako yana siku ya kuhojiwa, na mhoji ni yeye mwenyewe.

Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 2005, katika msimu uliopigwa picha Guatemala, kilianzishwa kinyago cha kinga kinachofichwa porini. Mwanzoni kilikuwa kimoja, kama pilipili kidogo kwenye mchuzi. Baadaye pilipili ikawa ndiyo mchuzi. Vikaongezwa vinyago vingine, turufu za kuiba kura, za kuzuia kura na za kurithishana kinga. Wakaletwa visiwa vya uhamisho na milango ya kuwarudisha waliokwisha kutolewa. Kila turufu ilikuwa na mvuto wake. Kwa pamoja zimeigeuza kura kuwa pambo.

Ushahidi upo, na nitataja mifano mitatu tu. Mwaka 2017, katika msimu wa 34, walikuwa wamebaki washindani 6. Usiku ule Barazani watano kati yao walijikuta na kinga, huyu kwa kinyago, yule kwa turufu, yule kwa ushindi wa siku hiyo. Aliyekosa ni Cirie Fields peke yake. Akatolewa mchezoni bila mtu hata mmoja kuliandika jina lake. Mama yule hakushindwa na wenzake; alishindwa na hesabu ya vifaa. Na hapa ndipo uwajibikaji unapokufa: nani amjibu Cirie, ikiwa hakuna aliyemtoa?

Mwaka 2019, katika msimu wa 38, Chris Underwood alitolewa akiwa wa tatu, siku ya 8. Chini ya kanuni mpya alihifadhiwa kando pamoja na wengine waliotolewa, akarudishwa siku ya 35, na akaibuka mshindi kwa kura 9 kati ya 13. Simlaumu Chris, alicheza mchezo aliowekewa. Nawalaumu waliouweka. Jopo lililomchagua liliishi naye kando kwa majuma kadhaa, ilhali waliosalia mchezoni walikuwa wakifanya kazi chungu ya kuwatoa wajumbe wa jopo hilo hilo. Mmoja alijenga urafiki, wengine wakajenga uadui kwa kuwa kanuni ziliwalazimu. Huo si ushindani wa haki.

Mwaka 2021, katika msimu wa 41, Erika Casupanan alipewa chombo cha kioo chenye mchanga, akaambiwa kwamba akikivunja atayageuza matokeo ya shindano lililokwisha kufanyika. Akakivunja. Walioshinda wakanyang'anywa kinga, walioshindwa wakapewa. Naomba msomaji alitafakari jambo hilo kwa utulivu: matokeo yalishapatikana mbele ya macho ya wote, kisha yakabatilishwa kwa kanuni ambayo waliotoka jasho hawakuwahi kuambiwa. Yangetokea hayo katika uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, tungeyaita kwa jina lake halisi.

Katika misimu hii mipya pia kuna dadu: mshindani anaisalimisha kura yake ili abahatishe kinga, nafasi moja kati ya sita. Kuna vilevile safari ambazo mtu hupelekwa na kurudi akiwa amepoteza haki ya kupiga kura kwa sababu ya fumbo au bahati mbaya. Kunyimwa kura kumefanywa burudani. Mtazamaji anacheka, na anazoea.

Watetezi wa turufu wana hoja, na ningekuwa nawadhulumu kama nisingeitaja ile yenye uzito zaidi. Wanasema bila vinyago vya kinga, walio wengi huwamaliza walio wachache mmoja baada ya mwingine. Wanatoa mfano wa msimu ule ule wa kwanza: kundi la Pagong lilipounganishwa na kundi la Tagi, wanachama wa Pagong walitolewa wote kwa mfululizo. Kwa hiyo, wanadai, kinyago ni silaha ya mnyonge.

Lakini wamesoma historia hiyo nusunusu. Siku makundi yale yalipounganishwa walikuwa watu 10, watano kila upande. Muungano wa Tagi ulikuwa na watu wanne tu: Richard, Rudy, Sue na Kelly. Kura hizo nne zilimtoa Gretchen kwa sababu kura nyingine sita zilitawanyika, kila moja kwa jina lake. Sean, mwana-Tagi wa tano, alifikia hatua ya kupiga kura kwa kufuata alfabeti ili asimuudhi mtu. Hapo wachache hawakumezwa na wengi. Wanne waliojipanga waliwashinda sita wasiotaka kujipanga. Pagong hawakuhitaji kinyago porini. Walihitaji kuketi chini, kuzungumza na kukubaliana jina moja.

Hilo ndilo somo ambalo mwanaharakati yeyote angelipa fedha nyingi kulifikisha kwa vijana, na msimu wa kwanza ulilitoa bure. Misimu ya sasa inafundisha kinyume chake: ukiwa mnyonge, usihangaike kuwashawishi wenzako, nenda kafukue chini ya mti. Mnyonge anayefundishwa kutafuta muujiza badala ya mshirika ataendelea kuwa mnyonge, kisiwani na nje ya kisiwa.

Hoja ya pili ni ya soko: watazamaji huchoka, kwa hiyo lazima waletewe mapya. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mchezo uliokusanya watu milioni 51 haukuwa na kinyago hata kimoja cha kuficha. Watu walichokitazama ni nyuso: nani anasema kweli, nani anayumba, nani amesaliti. Leo sehemu kubwa ya kipindi huliwa na maelezo ya kanuni. Mwendeshaji, Jeff Probst, ambaye amekuwapo tangu siku ya kwanza na sasa ni miongoni mwa wazalishaji wakuu, hulazimika kufafanua vifaa kama karani anayesoma waraka mpya ofisini. Watumishi wa umma wanaonisoma wanaielewa hali hii vizuri. Taasisi isiyojiamini hutunga kanuni mpya kwa kila tatizo, hadi siku ambayo hakuna anayekumbuka kazi yenyewe ilikuwa ipi.

Muda nao umepunguzwa. Janga la Uviko-19 lilipovuruga upigaji picha, msimu wa 41 ulifupishwa kutoka siku 39 hadi siku 26. Janga limepita, siku 13 hazijarudi. Wanasema mchezo mfupi una kasi. Nasema uaminifu hauna njia ya mkato. Mtu humjua mwenzake kwa kukaa naye katika shida, na siku zilizokatwa zilikuwa ndizo siku za kujuana.

Ninapodai kurudi kwenye misingi sitetei kila kilichokuwapo zamani, na sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya pekee ya kuliweka hilo wazi. Msimu wa tatu, ulioonyeshwa kuanzia Oktoba 2001, ulipigwa picha katika Hifadhi ya Taifa ya Shaba, kaskazini mwa Kenya. Wamarekani 16 walikaa ndani ya boma la miiba, makundi yao yakaitwa Boran na Samburu. Majina ya watu wenye historia, mifugo na madai yao ya ardhi yakafanywa nembo za timu, huku wenye majina wakibaki pembeni mwa picha. Tabia hiyo ya kuwakopa watu majina yao haistahili kurudi.

Hata hivyo, Shaba ilithibitisha kwamba mchezo unaweza kubadilika bila kujivunja. Ndipo kwa mara ya kwanza washindani watatu wa kila kundi walihamishiwa kundi jingine. Mipango ya wengi ilivurugika, lakini kura haikuguswa. Watu walipaswa kuanza upya kushawishi na kushawishika. Ethan Zohn alishinda kwa kura 5 dhidi ya 2, kisha akatumia sehemu ya fedha zake kushiriki kuanzisha Grassroot Soccer, shirika linalotumia kandanda kuwafundisha vijana wa Afrika kujikinga na Virusi vya Ukimwi.

Kutokana na mfano huo napendekeza kipimo kimoja kwa kila kanuni mpya: je, inawaachia wapigakura uamuzi, au inawapokonya? Kuwahamisha watu kati ya makundi kunapita. Kinyago kimoja ambacho wote wanajua kipo huenda kikapita kwa shida. Dadu, safari za kunyang'anya kura, kugeuza matokeo na kuwarudisha waliotolewa vinaanguka. Linaanguka pia shindano la kuwasha moto ambalo tangu mwaka 2017 limechukua nafasi ya kura pale wanapobaki wanne. Kura ile ya wanne ilikuwa ngumu kuliko zote, na ndiyo maana ilikuwa na thamani.

Kwa ajili ya msimu wa 50 wazalishaji waliwaalika watazamaji kupiga kura juu ya baadhi ya kanuni za mchezo. Nimeupokea mwaliko huo kwa mashaka. Wanaompa mtazamaji kura ya kuchagua vifaa ndio hao hao walioichukua kura ya mshindani kwa vifaa. Kama kweli wanaithamini, wairudishe ilikokuwa: mikononi mwa watu wenye njaa, wanaofahamiana, ambao kila mmoja ataandika jina kwa mkono wake na siku moja atatakiwa kumweleza mwenye jina hilo kwa nini aliliandika.