INVETA ILIYOGEUZWA NYAYA SI YA KUTUPWA



Nina dukuduku kuhusu inveta, yaani mashine zinazogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani. Vijijini ambako nguzo za umeme hazijafika, mashine hizi zinatusaidia sana pamoja na sola. Ni jambo la kusikitisha kuona mashine nzima inatupwa jalalani kwa sababu tu waya wa chanya uliunganishwa kwenye hasi ya betri.

Hapa kijijini wazazi walichanga fedha, ikanunuliwa inveta ili watoto wa darasa la saba wapate taa za kujisomea jioni. Kijana aliyetumwa na muuzaji aligeuza nyaya, zikaruka cheche, taa zisiwake. Muuzaji akatamka kwamba mashine imekufa, tununue nyingine. Kamati ya shule ikakataa. Fundi redio mmoja mjini aliifungua, akakuta fyuzi zimekatika na transista nne zimeungua. Alizibadilisha zote kwa gharama ndogo tu ukilinganisha na bei ya mashine mpya.

Wananchi waelewe kwamba nyaya zikigeuzwa, transista za upande wa betri hupitisha umeme moja kwa moja kama waya mtupu. Fyuzi ikiwahi kukatika, huenda kuibadilisha kukatosha. Ikichelewa, transista nazo huungua. Baadhi ya inveta zina fyuzi zilizochomewa ndani kwa risasi, ndiyo maana mnunuzi hazioni na hudhani mashine imekwisha.

Lakini wapo mafundi wanaofunga kipande cha waya mahali pa fyuzi. Hao wanahatarisha maisha ya watu! Inveta ya wati 300 kwenye betri ya volti 12 huvuta ampea 25 na zaidi. Betri ya gari ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea, na waya huiva kama kaa la moto. Katika nyumba ya makuti au nyasi, matokeo yake kila mtu anayajua.

Fundi anayejua kazi yake huweka fyuzi ya ampea zilezile. Transista hubadilisha kundi zima, kwa namba ileile. Kisha haiungi mashine na betri moja kwa moja, bali huijaribu kwanza kupitia taa ya gari ya volti 12. Taa ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, ndani bado kuna shoti. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, hiyo ni dalili njema. Mwananchi wa kawaida asiifungue mwenyewe, kwani hata ikishatolewa kwenye betri, ndani huweza kubaki umeme wa zaidi ya volti 300, nao unaua.

Wapo wanaosema kwamba haya yote ni matokeo ya ujinga wetu watu wa vijijini. Mimi sikubaliani nao. Mtu akiuziwa mashine yenye nyaya mbili nyeusi na karatasi ya maelekezo ya lugha ya kigeni, ajuaje chanya ni upi?

Nashauri Shirika la Viwango (TBS) lihakikishe kila inveta inayouzwa nchini ina waya mwekundu na mweusi, na maelekezo ya Kiswahili. VETA nao wawafikie mafundi wa vijijini kwa mafunzo mafupi ya kazi hii. Wauzaji wamwonyeshe mnunuzi jinsi ya kuunganisha kabla hajatoka dukani, na waweke fyuzi za akiba.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Fedha za mwanakijiji hutoka kwenye jembe. Haifai zitumike kununua mashine ya pili wakati ya kwanza ilihitaji fyuzi na transista nne.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kondoa.