Mama, Povu na Herufi Mbili

Wiki iliyopita kwenye kipindi tuliongea juu ya kuwatafsiria wazazi, na wengi wenu mkatutumia sauti zenu: hospitali, benki, mikutano ya shule, barua za kila aina. Mimi siku ile nilikaa kimya kidogo, kama mlisikia vizuri. Nilikuwa na kesi yangu nyumbani na ilikuwa haijaisha. Sasa imeisha, pesa imelipwa, naweza kuandika. Kesi yenyewe ni ya mashine ya kufulia.

Msicheke bado.

Sisi tunakaa Jeffersontown, ghorofa ya pili. Nyumba tuliyotoka ilikuwa na mashine ya zamani ya Kimarekani, ile yenye mlango juu na mti mnene katikati unaozungusha nguo huku na huku. Hii nyumba mpya ina mashine yenye mlango wa mbele, kioo cha duara. Siku ya kwanza Mama alisimama mbele yake akaiangalia kama anaangalia mgeni aliyekuja bila taarifa. Juu yake palikuwa na karatasi imebandikwa. Akaniuliza, "Mwanangu, hii karatasi inasemaje?"

Mi nilikuwa kwenye simu. Nikasema, "Inasema uweke sabuni tu, Mama."

Haikusema hivyo. Ilisema utumie sabuni yenye herufi mbili, HE, na usizidishe vijiko viwili vikubwa. Nilisoma neno "sabuni", yaliyobaki nikayameza.

Sasa lazima mumjue Mama kwenye mambo ya sabuni. Kambini Nyarugusu, kule Kigoma, alikuwa kwenye kikundi cha kina mama waliotengeneza sabuni za mche kwa mawese na kostiki soda. Anajua lini mchanganyiko umeshika kwa kuangalia jinsi unavyoanguka kutoka kwenye mti wa kukorogea. Anajua kwa harufu kama kostiki imezidi. Kwa hiyo ukimwambia mtu kama huyo "weka sabuni", ataweka anavyojua yeye: sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono, kutoka duka la Waafrika, kikombe kizima. Na akiona kwenye kioo povu limekuwa dogo, anaongeza.

Jumamosi moja nikarudi kazini nikakuta Mama amepiga magoti, mataulo yote ya nyumba yapo chini, na povu linatoka kwa mbele, kwenye kile kidroo cha sabuni, taratibu, kama uji unaochemka. Mashine yenyewe ilikuwa inaunguruma bila kuzunguka. Dada yangu alikuwa ameshika mtoto wake mlangoni asiteleze. Halafu tukasikia jirani wa chini anagonga dari yake.

Baada ya siku tisa ikaja barua ya ofisi ya nyumba: dola 380 za dari ya jirani, na sentensi moja inayosema mpangaji hakufuata maelekezo yaliyobandikwa kwenye mashine. Mama akanipa barua kama kawaida. "Soma."

Nilikuwa na njia ya kutoka. Ningeweza kusema, "Wanasema mashine imeharibika, tulipe." Yeye asingejua. Lakini alikuwa ananiangalia usoni, na Mama anasoma sura za watoto wake kuliko mimi ninavyosoma Kiingereza. Nikasoma yote. Nilipofika kwenye "maelekezo yaliyobandikwa" akasema, "Maelekezo gani? Si ulisema weka sabuni?"

Nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Alikunja barua, akaiweka kwenye kabati la vyombo, akaenda kulala saa mbili usiku. Bora angenigombeza.

Kesho yake akaja Mjomba. Yeye anafanya kazi Appliance Park, kile kiwanda kikubwa cha GE hapa Louisville kilichojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, kikubwa mpaka kina namba yake ya posta, 40225. Tangu 2016 kinamilikiwa na Haier ya China. (Mashine yetu haikutengenezwa pale, na Mjomba aliniomba niandike hilo.) Akatuchorea kwenye bahasha ya ile barua.

Mashine ya zamani ya Kimarekani, alisema, ni beseni lililosimama. Inajaza maji mengi, galoni 40 hivi kwa mzigo mmoja, nguo zinaogelea, povu linakaa juu na halimsumbui mtu. Hii yetu ni pipa lililolazwa ubavu. Inatumia maji kidogo sana, labda galoni 15. Nguo hazifuliwi kwa kuogelea, zinafuliwa kwa kuanguka: pipa linazipandisha juu, linaziachia, zinapiga chini, puu, puu. Ule mpigo ndio mikono ya mama. Sasa ukijaza povu, nguo zinaanguka kwenye godoro. Hazipigwi. Povu linaingia katikati ya pipa la ndani na pipa la nje, linabana kama breki. Pampu ya kutoa maji nayo inavuta hewa badala ya maji. Na ile sabuni ambayo haikusuuzwa inabaki kwenye nguo. Hapo dada yangu akamwangalia mtoto wake, ambaye alikuwa anajikuna mgongo wiki ya tatu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali zuri kuliko yote: "Basi mbona ya mdogo wangu inafunguka juu, na yenyewe imetapika?"

Mama mdogo anakaa Liège, Ubelgiji. Mashine yake ni ya mwenye nyumba, ina miaka zaidi ya ishirini, nyembamba, ya kufungulia juu. Mwezi uleule alikuwa amemtumia Mama video: kifuniko kimeinuliwa na povu, limeshuka pande zote mbili. Wote wawili wananunua sabuni ya aina moja, na wote wawili walikuwa wanasema mashine za Wazungu ni mbovu.

Mjomba akacheka, akaniambia nimpigie. Kumbe mlango ni jina tu. Mashine za Ulaya za kufungulia juu, hasa za Ufaransa na Ubelgiji, zina upana wa sentimita 40 au 45 hivi ili ziingie kwenye bafu dogo, lakini ndani pipa limelala ubavu vilevile. Ukiinua kifuniko unakuta pipa, na pipa lenyewe lina vimlango viwili vya chuma unavyovifunga kabla ya kuwasha. Kwa hiyo ni ndugu wa ile yetu ya kioo, siyo ya ile ya mti katikati. Mtu akihama Marekani kwenda Ulaya, au akinunua moja ya zamani, anaona mlango juu, anamimina sabuni kama ya mashine ya Kimarekani, na shida inaanza.

Za zamani zina matatizo yake zaidi. Nyingi hazina kitu cha kuhisi povu, kwa hiyo haziwezi kujisimamisha na kujisuuza upya kama mashine za siku hizi. Zinachemsha maji zenyewe, na kadiri joto linavyopanda ndivyo povu linavyoweza kukua wewe ukiwa sebuleni. Kisanduku cha sabuni kiko palepale chini ya kifuniko, basi povu likikosa nafasi linatokea hapo. Na kuna bomba jembamba la hewa linaloipimia mashine kiasi cha maji. Likiziba kwa utando wa sabuni ya miaka mingi, mashine inapima vibaya, na hata ukiweka sabuni kidogo inakuwa nyingi.

Mama mdogo akauliza, "Sasa nitajuaje kama nguo zimetakata bila povu?"

Hapo ndipo mimi niliona nimekuwa mjinga miaka yote. Nilikuwa nadhani Mama anapenda povu kwa sababu "hajui". Mama akachukua simu, akamweleza mdogo wake hivi: kwenye beseni, povu ni kipimo. Uchafu na mafuta ya nguo yanakula sabuni. Sabuni ikiisha nguvu povu linakufa, na unajua kuongeza. Ikibaki povu baada ya kufikicha, basi sabuni inatosha. Ni kweli kabisa, na kwenye beseni bado ni kweli. Kwenye pipa lililolala huwezi kupima hivyo, maana povu lenyewe linazuia kazi. "Huku," akasema, "sikiliza mpigo. Ukiusikia, inafua. Ukiona kimya, umezidisha."

Halafu akaenda jikoni. Akachukua mabakuli mawili, maji ya bomba, sabuni ya unga kila moja, akakoroga mpaka povu likajaa. Kwenye moja akakwangua kipande cha sabuni ya mche, akakoroga tena. Povu la bakuli lile likashuka mbele ya macho yetu, likabaki kama maziwa. "Sabuni inaua povu la sabuni," akasema. "Hilo nilijua hata kabla hamjazaliwa."

Niliangalia Mjomba. Akasema ndivyo ilivyo. Sabuni ya kweli, ya mafuta, ikikutana na chokaa iliyomo kwenye maji inafanya chembe ndogo zinazopasua mapovu ya sabuni za unga za kisasa. Maji yetu ya Louisville yanatoka mto Ohio na yana chokaa kiasi. Viwanda vya Ulaya vilitumia ujanja huohuo miaka mingi: unga wa mashine za pipa ulitiwa sabuni ya aina hiyo ili povu lisipande, na baadaye silikoni. Kwa hiyo tofauti ya sabuni ya HE na ile ya kufulia kwa mkono siyo nguvu ya kutakatisha. Ile ya mashine imefungwa povu, ile ya mkono imeachiwa makusudi, kwa ajili ya watu wenye mabeseni. (Msianze kukwangua miche kwenye mashine, tafadhali. Ule utando unaganda kwenye mabomba. Ilikuwa somo, siyo dawa.)

Kwa wenye haraka, haya ndiyo tuliyofanya sisi na Mama mdogo:

Zima mashine, ichomoe kwenye umeme kama sakafu haijalowa. Ikiwa imelowa, zima kwenye kisanduku cha umeme kwanza. Usifungue mlango wa mbele, utahamishia bahari sebuleni. Iache saa moja, povu litashuka lenyewe. Toa maji kupitia kichujio cha chini, weka sinia. Kwenye nyembamba ya Ulaya, pipa likisimama vimlango vikiwa chini, lizungushe kwa mkono taratibu mpaka viwe juu.

Halafu suuza kwa maji baridi, bila sabuni. Weka nusu kikombe cha siki, au dawa ya kulainisha nguo kidogo kwenye sehemu yake. Zote zinavunja povu. Rudia mpaka maji yatoke safi. Sisi ilichukua mara nne.

Wiki inayofuata fua mataulo ya zamani kwa maji ya moto bila sabuni hata chembe. Ukiona povu, hilo ni deni la zamani linatoka. Baada ya hapo vijiko viwili, basi. Nyinyi wa Buffalo wenye mashine chini kabisa ya nyumba, ambako hakuna anayeona, shukeni mwangalie leo. Wa Columbus pia, najua dada zenu wanapenda kujaza kikombe.

Mtoto wa dada yangu ameacha kujikuna. Sisemi ni povu tu, daktari naye alibadilisha mafuta yake, lakini yeye mwenyewe alituuliza kwanza tunasuuza vipi nguo.

Zile 380 nilizilipa mimi, mara tatu, kutoka mshahara wangu. Mama alitaka kuchangia, nikakataa, akakubali kwa masharti. Sharti lake ni hili: karatasi yoyote inayoingia nyumbani nimsomee yote, hata ya pizza. Mwanzo nilidhani anatania. Jana ilikuja ya kampuni ya maji, kurasa nne, maandishi madogo kama sisimizi. Nikaketi, simu nikaiweka kifudifudi, nikaanza. Ukurasa wa tatu akalala kwenye kiti. Nikanyamaza.

"Endelea," akasema, macho yamefumbwa. "Umeishia kwenye mabomba."

Nikaendelea.

Tutumieni sauti kwa kipindi kijacho: ni karatasi gani uliwahi kuitafsiri nusu, na ilikugharimu nini? Majina hatutayataja.