Acheni kuita kila maumivu ya mzee "uzee"

Kuna jibu moja ambalo mzee wa Shinyanga na Geita hulisikia kila anapopeleka maumivu yake. Nyumbani hulisikia kwa watoto, dukani kwa muuza dawa, zahanati kwa tabibu: "Huo ni uzee tu, bibi." Husemwa kwa upole, tena baada ya shikamoo, na bibi mwenyewe huitikia kwa kichwa, akarudi nyumbani na kiuno chake. Jibu hilo si la kweli, na madhara yake tunayaona kila siku bila kuyatambua.

Tuanze na chanzo. Mama aliyelima pamba kwa jembe la mkono tangu utotoni, akainama kwenye majaruba ya mpunga kila msimu, akabeba maji kichwani na mtoto mgongoni, ameumizwa na kazi. Kule kwenye machimbo ya Nyarugusu na Rwamgasa, Geita, wapo wanawake waliolea familia kwa kuponda mawe ya dhahabu kwa nyundo kabla ya makarasha, mashine za kusaga mawe, kuenea, na wanaume waliopandisha viroba vya mawe kutoka kwenye maduara, yaani mashimo ya migodi. Mtu wa kazi hizo anaweza kuanza kulalamikia magoti hata miaka 50 hajafikisha. Uzee gani huo? Ila tukishayaita maumivu hayo uzee, hakuna anayewajibika: si sisi watoto tuliosomeshwa kwa jasho lile, si halmashauri iliyokusanya ushuru wake.

Ni kweli kwamba gegedu za maungo hulika kadiri miaka inavyokwenda. Lakini wako watu wengi ambao picha ya eksirei huonyesha magoti yaliyolika na wala hawaumwi, na wako wanaolia usiku kucha huku picha ikionyesha kidogo tu. Umri peke yake hauelezi maumivu. Yakizidi miezi 3, tiba huyaita maumivu sugu, na Shirika la Afya Duniani limeyapa nafasi yake katika mwongozo wa kuainisha magonjwa ulioanza kutumika mwaka 2022.

Ubaya mkubwa wa neno "uzee" ni kwamba linafunga uchunguzi. Mgongo unaouma usiku, ukiandamana na homa za jioni na kupungua mwili, unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na sisi tunaishi katika ukanda wa migodi ambako vumbi la miamba huharibu mapafu na kukifungulia kifua kikuu mlango. Nyayo zinazowaka moto zinaweza kuwa kisukari. Ganzi na kutetemeka kwa mtu aliyechoma dhahabu kwa zebaki miaka mingi kunahitaji kuchunguzwa. Mkanda wa jeshi ukipona huweza kuacha maumivu ya mishipa ya fahamu, ambayo yana dawa zake nyingine kabisa. Yote haya tunayafunika kwa neno moja.

Mikoa yetu inajua gharama ya kuusoma vibaya mwili wa mzee. Bibi zetu waliopika maisha yao yote kwa kuni, mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe walipata macho mekundu kwa moshi, na wengine wakauawa kwa kuwa macho hayo yalisemwa ni ya wachawi. Wakati ule tulikosea tukamwaga damu. Leo tunakosea kimyakimya.

Uchunguzi ukishafungwa, kinachobaki ni diklo, yaani diklofenaki, dawa ya maumivu. Mjukuu anatumwa dukani na noti mkononi: "Naomba dawa ya mgongo ya bibi." Haulizwi kama bibi ana presha, kama ana vidonda vya tumbo, kama anatumia dawa nyingine. Anapewa vidonge, na kesho kutwa anarudi tena. Diklofenaki ikitumiwa hivyo kwa miezi huweza kutoboa tumbo, na kwa mzee damu inaweza kuvuja bila tumbo kuuma, mpaka choo kiwe cheusi kama lami. Hupandisha presha, hudhoofisha figo, hulemea moyo. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilisema wazi isitumiwe na wenye ugonjwa wa moyo wala waliowahi kupata kiharusi. Mzee wa Katoro, hapa Geita, ana moyo uleule.

Wapo watakaosema: hata hospitali nazo hutoa dawa hizohizo, sasa twende wapi? Hoja hiyo ni ya haki, na ndiyo maana siwalaumu wazee. Lakini njia ipo, na si ya gharama kubwa. Goti lililolika hupata nafuu kwa mazoezi: kaa kwenye kiti, nyoosha mguu, hesabu mpaka tano, shusha, rudia mara kumi, kila siku kwa wiki kadhaa. Mkongojo ushikwe mkono wa upande usiouma. Dawa ya kupaka gotini ina hatari ndogo kuliko ya kumeza. Haya ndiyo mtaalamu wa mazoezi tiba angemfundisha mzee, na mtaalamu huyo anapaswa kufikika katika kila wilaya, si mpaka mtu apande basi kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza.

Tangu mwaka 2003 tuna Sera ya Taifa ya Wazee, na sera ya afya inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Dirisha la wazee likiishia kumpa pole na pakiti ya vidonge, sera hiyo haijamfikia.

Basi wewe uliye na mzazi nyumbani, mpeleke, uingie naye chumbani, na akiambiwa ni uzee usiinuke. Uliza: mmempima presha, sukari, figo? Nini hasa kinachomuuma? Dawa hii inaendana na zile anazotumia? Akidhoofika miguu ghafla, akishindwa kuzuia mkojo au akianguka na kushindwa kusimama, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na ninyi watumishi wa afya, mpimeni mzee kwanza, ndipo mtaje umri wake.