Sabuni yangu ya nazi ina kemikali, tusidanganyane

Nimepotea wiki mbili tatu, tesiti zilinibana na boom lenyewe mnajua lilivyotuchezea. Leo sina stori za kafteria. Nataka kuongelea sabuni.

Wengi mnaokaa huku hosteli mnajua nauza sabuni ya mafuta ya nazi na tui. Nilianza muhula uliopita, hela ya kula ilipokata kabla mwezi haujafika nusu. Kwenye kibandiko niliandika kwa mkono wangu mwenyewe: ASILIA, HAINA KEMIKALI. Kila anayeuza anaandika hivyo, na kweli inauza. Vipande ishirini vilikwisha siku mbili.

Sasa Jumamosi iliyopita mama anayetuuzia chapati nje ya geti kaniita pembeni. "Mwanangu, mbona ile sabuni yako inamkausha mtoto?" Nikamuuliza mtoto gani tena mama. Kumbe amemwogeshea mjukuu wake wa miezi miwili, siku nne mfululizo. Ngozi ya tumbo imekauka mpaka inabanduka, kwenye mikunjo ya mapaja pamekuwa pekundu. "Si umeandika haina kemikali, nikajua ndiyo ya watoto." Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia aiache kabisa na mtoto apelekwe kliniki. Ameshaonwa, anaendelea vizuri, na mama wa watu wala hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Nasoma ualimu wa Kemia na Baiolojia. Ile milinganyo ya sabuni nimeinakili ubaoni na kwenye daftari tangu sekondari, na mtihani nilipata. Najua fika kwamba sabuni bila kostiki hakuna. Koroga mafuta na maji mpaka alfajiri, mafuta yatarudi juu. Kinachoyageuza ni kostiki, haidroksaidi ya sodiamu: inayavunja, unapata sabuni na gliserini. Mfaransa Chevreul alishayaeleza mambo ya mafuta na sabuni kitabuni mwaka 1823, halafu mimi mwalimu mtarajiwa nabandika karatasi inayosema haipo! (Na magadi ya kulainishia maharage siyo kostiki, nimeulizwa hilo mara kumi, naomba leo liishe.)

Rafiki yangu ananitetea, eti kostiki ikishamaliza kazi yake haibaki kwenye kipande, kwa hiyo sijadanganya. Ni kweli haibaki, IKIPIMWA. Mimi nilichota kwa kijiko cha chakula. Vijiko vitano, kimoja kikiwa na mlima. Halafu sabuni nikaiuza ikiwa na siku tisa wakati inatakiwa ikae wiki nne mpaka sita, maana nilikuwa na njaa. Hapo utasemaje haibaki?

Na hata ningepima, sabuni ya nazi tupu ni kali kwa tabia yake. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ndiyo maana inatoa povu jingi hata kwenye maji ya chumvi ya kisima, na ndiyo maana inang'oa mafuta ya ngozi yote. Kwa vyombo safi sana. Kwa kichanga, hapana. Dawa yake ni kupunguza kostiki ili mafuta mengine yabaki bila kugeuka. Gramu 500 za mafuta zinakula kama gramu 91 za kostiki mpaka ziishe. Ya kuogea, mimi sasa naweka 73, na nimeazima mzani wa kidijitali kwa jamaa mmoja anayeoka keki. Bila mzani sitengenezi tena.

Tui nalo lilinifundisha adabu. Mara ya kwanza nilimwaga kostiki moja kwa moja kwenye tui la vuguvugu. Likachemka, likawa rangi ya chungwa, chumba kikanuka harufu ya kukata pumzi, jirani wakadhani tumeua panya. Sukari ya tui inaungua. Siku hizi nayeyusha kostiki kwenye gramu 90 za maji baridi (kostiki iende kwenye maji, USIMWAGE maji juu ya kostiki, itakurukia usoni), naiacha ipoe, naimimina kwenye mafuta, ndipo natia gramu 100 za tui zito lililotoka kwenye friji. Na glavu, na miwani, dirisha wazi. Sufuria ya alumini usiguse kabisa: yangu, yaani ya mwenzangu wa chumbani, ilitoa mapovu ikawa nyeusi. Ile ni gesi ya haidrojeni, nimeiona kwa macho yangu mara ya kwanza kwenye sufuria ya wali ya mtu, teh teh. Bado namdai msamaha, yeye ananidai sufuria.

Hoja yangu sasa. Nimetoa kile kibandiko. Kipya kinasema: mafuta ya nazi, tui, maji, kostiki, tarehe ilipotengenezwa, si ya watoto wachanga. Mmoja wenu ameshaniambia neno kostiki litafukuza wateja, na kweli wawili wamekisoma wakarudisha kipande mezani. Iliniuma, sitadanganya, hiyo ni hela ya chakula cha siku mbili. Lakini huyu mteja aliyerudisha amesoma ukweli akaamua mwenyewe. Mama wa chapati hakupewa nafasi hiyo. Aliniamini kwa sababu mimi ni "wa chuo". Mwakani tunakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, watoto darasani wataniamini hivyo hivyo, na sioni kwa nini ukweli wa ubaoni uwe tofauti na wa mezani kwangu. Wenzangu mnaouza losheni na mafuta ya nywele huko vyumbani, mnajua nawasema nyie pia. Andikeni kilichomo.

Mzigo mpya uko chini ya kitanda, vipande ishirini na nne, nilivikata juzi jioni kabla havijagumu vikaanza kumeguka. Mpaka wiki nne ziishe siuzi hata kwa rafiki, msinisumbue. Viwili ni vya mama wa chapati, bure, vya kuoshea vyombo.