Ualbino hutoka kwa baba na mama: vinasaba vinaeleza

Usiku wa Mei 30, 2024, mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao Bulamula, kata ya Kamachumu, wilayani Muleba. Mwili wake ulipatikana Juni 17, baadhi ya viungo vikiwa vimenyofolewa. Katikati ya siku hizo za kumtafuta ilipita Juni 13, siku ambayo dunia nzima huadhimisha uelewa kuhusu ualbino. Mwisho wa mwezi huo watu 9 walifikishwa mahakamani mjini Bukoba.

Ya kesi tunaiachia mahakama. Sisi tunarudi kwenye swali linaloulizwa chini kwa chini kila anapozaliwa mtoto wa aina hii, kisimani, kilabuni na hata wodini: inakuwaje watu wawili weusi wazae mtoto mweupe? Swali si baya. Majibu yanayotolewa ndiyo mabaya, kwa sababu humtenga mama na mtoto muda mrefu kabla mhalifu hajabisha hodi.

Tuanzie kibanjani, maana kila msikilizaji wetu wa Bukoba na Muleba anakijua. Ukichimbua chipukizi la mgomba ukalipanda upande wa pili, unajua utakachovuna: ndizi ileile ya mgomba mama. Chipukizi halina baba. Lakini chini ya migomba hiyohiyo kuna mibuni, na mbuni ni habari nyingine. Robusta yetu haiwezi kujichavusha yenyewe, ni lazima ipate chavua ya mbuni mwingine. Ndiyo maana ukiotesha mbegu za mbuni mmoja uliozaa sana, miche inayotoka hailingani. Mmoja unafanana na mama, mwingine umechukua ya upande ambao hukuuona.

Binadamu huzaliwa kwa njia ya mbuni, si ya mgomba.

Karibu kila chembe hai ya mwili wako, ambayo wataalamu huiita seli, ina nyuzi nyembamba mno za vinasaba, yaani DNA. Nyuzi hizo zimekunjwa katika vifurushi 46 viitwavyo kromosomu, navyo vimekaa wawili wawili, jozi 23. Katika kila jozi, kimoja umekipata kwa mama na kingine kwa baba. Yai la mama lilileta 23, mbegu ya baba ikaleta 23. Kwa hiyo mtu anayesema "huyu ni damu ya mama yake tu" anasema jambo lisilowezekana.

Juu ya nyuzi hizo kuna maelekezo ya kuujenga mwili, yaliyoandikwa kwa herufi 4 tu: A, T, G na C. Herufi ni chache, lakini zimejipanga katika mfuatano wa kama bilioni 3. Kipande cha mfuatano chenye maelekezo ya kazi fulani huitwa jeni, na binadamu ana jeni kama 20,000. Kwa kuwa kromosomu ni mbili mbili, jeni nyingi tunazo nakala mbili, ya baba na ya mama.

Moja ya jeni hizo inaitwa OCA2, nayo iko kwenye kromosomu namba 15. Inahusika na utengenezaji wa melanini, rangi inayokaa kwenye ngozi, nywele na macho. Kwa watu wengi wenye ualbino kusini mwa Jangwa la Sahara, Watanzania wakiwemo, kipande cha herufi kama 2,700 kimekatika ndani ya jeni hiyo. Zipo aina nyingine za ualbino, lakini hii ndiyo ya kawaida kwetu.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Mwenye nakala moja iliyokatika na nyingine nzima hana ualbino. Nakala nzima inatosha kufanya kazi. Anaweza kuwa mweusi tii, akaoa au akaolewa, akazeeka na kuzikwa bila kujua alichobeba. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa Tanzania ni mtu 1 mwenye ualbino katika kila watu 1,400. Ukifuata hesabu ya urithi kutoka hapo, unakuta kama mtu 1 kati ya 19 amebeba nakala iliyokatika. Chukua Hiace iliyojaa kutoka Muleba kwenda Bukoba mjini: huenda mmoja wao yumo, na hata kondakta anaweza kuwa ndiye.

Wakikutana wawili wa namna hiyo wakazaa, kila mmoja humpa mtoto nakala moja kati ya mbili zake, kama kurusha sarafu. Mara 1 kati ya 4 mtoto hupata mbili nzima. Mara 2 kati ya 4 hupata moja nzima na moja iliyokatika, naye anakuwa kama wazazi wake. Mara 1 kati ya 4 hupata zote mbili zilizokatika, na huyo ndiye anayezaliwa na ualbino. Hesabu hii haina kumbukumbu, kila mimba inaanza upya. Wapo wazazi waliozaa watoto watatu wenye ualbino mfululizo, na wapo waliobeba nakala hizo wote wawili wakazaa saba bila hata mmoja.

Mzee anapoapa kwamba kwenye ukoo wake hajawahi kuonekana mtu wa namna hiyo, huenda anasema kweli. Nakala ilipita kimya kwa babu na kwa shangazi, ikisubiri kukutana na mwenzake.

Turudi wodini. Mama ameambiwa amezaa na mzungu, au alimcheka mtu mwenye ualbino akiwa mjamzito, au ni laana ya kwao. Baba anachukua koti lake anaondoka. Lakini mtoto wa mzungu na Mwafrika kwa kawaida hupata rangi ya katikati, hazaliwi bila melanini. Na ualbino wenyewe unadai nakala ya pande zote mbili. Kwa ngozi ya mtoto peke yake, baba hana ushahidi wowote dhidi ya mkewe. Ngozi hiyo inamwambia aangalie na upande wake.

Mwenye shaka ya kweli ana njia. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na vipimo hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mtu haendi tu na mtoto mkononi; maombi hupitia kwa wanaotambuliwa, kama mahakama au ofisi ya ustawi wa jamii.

Kuhusu "bahati" inayouzwa gizani: Januari 2015 Serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli. Miaka tisa baadaye tukazika Muleba. Kwa maoni yetu, marufuku ilimlenga muuzaji na kumwacha mnunuzi na imani yake. Mnunuzi huyo aelewe kwamba kinachopungua kwa mwenye ualbino ni melanini tu, na melanini si kitu cha mifupani. Mfupa wake ni kama wako. Kisha mfupa una vinasaba, na vinasaba vikilinganishwa na vya wazazi vinaweza kueleza ulitoka kwa mtoto wa nani.

Anayeua watu wengi zaidi wenye ualbino bila kelele ni jua, kupitia saratani ya ngozi. Mawingu ya Bukoba yanadanganya: tuko karibu kabisa na ikweta, na mionzi hupenya hata siku ya manyunyu. Mafuta ya mgando hayazuii mionzi hiyo. Yanayohitajika ni mafuta maalumu ya kukinga jua, kama Kilisun yanayotengenezwa KCMC, Moshi, hivyo ulizia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mtoto avae mikono mirefu na kofia ya ukingo mpana. Shuleni akae dawati la mbele, kwa kuwa macho nayo hukosa melanini na hayaoni mbali. Na kinga ianze angali mgongoni, mama akienda shambani, kwa sababu kanga inayombeba mtoto haifiki kichwani.